Sakiasi na Bunduki ya Mwenzake

Sakiasi alikuwa dereva wa lori la maji kijijini kwetu, ufukweni mwa Ghuba ya Hudson, kaskazini ya mbali ya Kanada ambako miti haioti. Kila siku isipokuwa Jumapili alipita nyumba kwa nyumba, akachomeka bomba ukutani na kusubiri tangi lijae. Akisubiri aliimba puani nyimbo za kanisani, taratibu, na sauti yake ikaingia ndani kupitia ukuta pamoja na maji. Mwanangu alipokuwa na miaka mitatu aliamini kuwa maji ndiyo yanayoimba. Alikuwa akiweka sikio kwenye tangi na kutabasamu.

Kazi ya lori ikiisha, Sakiasi alirudi kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba, na huko ndiko alikoishi hasa. Alitengeneza pikipiki za theluji, majiko, cherehani, saa za ukutani. Alikuwa mfupi, wa mkono wa kushoto, na kidole chake kimoja kilikwishaliwa na mnyororo wa injini. Na watu hakuzungumza sana. Na vyuma alizungumza mchana kutwa.

"Haya, usinune," ungemsikia akiiambia parafujo iliyogoma. "Legea kidogo. Kidogo tu, mpenzi."

Mkewe, Maata, akipita mlangoni alidakia, "Ungenibembeleza mimi hivyo, ningelegea miaka ishirini iliyopita!"

"Wewe huna kutu," Sakiasi alimjibu bila kuinua kichwa.

"Bado," Maata akasema.

Sakiasi alikuwa mwindaji pia, lakini kwa miaka mingi aliwinda peke yake. Mwenzake wa zamani alikuwa baba yangu, Tulugaq. Waliwinda pamoja miaka kumi na minne, ingawa baba alimzidi umri kwa mbali. Baba alifia hospitali ya kusini, wakati wa vuli, mwaka 1980, na mimi nilikuwa mjamzito. Wiki chache baadaye niliota amesimama mlangoni na theluji mabegani, haingii ndani. Aliniomba maji ya kunywa. Nilimpa kikombe, akanywa chote, akanirudishia kikombe kikiwa na joto. Asubuhi nilimsimulia mama, naye akasema, "Basi anataka kurudi."

Januari nikajifungua mtoto wa kike, tukampa jina la Tulugaq, maana kwetu anayepewa jina la marehemu ni marehemu mwenyewe aliyerudi. Tangu siku hiyo mimi namwita baba. Yeye alipoanza kusema akaniita binti yangu. Sakiasi alikuja kumwona akiwa na siku mbili. Alivua glavu, akakishika kile kiganja kidogo kwa vidole viwili, akakitikisa kama wanavyosalimiana wanaume.

"Mwenzangu, umerudi," alimwambia. "Ila umekonda."

Maata alicheka mpaka akakaa chini. Sakiasi hakucheka. Macho yake yalikuwa yamelowa.

Sasa, baba aliacha bunduki. Ilikuwa bunduki ya vita ya Waingereza, imepigwa mhuri wa mwaka 1943. Aliinunua dukani kwa ngozi za mbweha alipokuwa kijana mwenye mke mpya, vita vikiwa vimekwisha na bunduki zake zimetawanyika dunia nzima zikitafuta kazi nyingine. Kwenye kitako kulikuwa na mistari sita iliyochongwa kwa kisu, kazi ya askari ambaye hatukumjua. Baba hakuifuta. Alisema aliyeichonga huenda akaja kuiulizia. Nilipokuwa mdogo nilimwona askari huyo usingizini, akitembea juu ya barafu kuja kwetu, hana haraka.

Baba alipofariki, mama aliifunga kwa turubai na kuisukuma chini ya nyumba, maana nyumba zetu husimama juu ya nguzo. Kila majira ya kuchipua maji ya theluji yalipita humo. Nilijua iko wapi, na sikuwahi kwenda kuitazama. Niliona afadhali ibaki huko.

Oktoba ya mwaka 1997 binti yangu aliingia chini ya nyumba kwa tumbo, tochi mdomoni, akatoka na lile furushi. Nilimwona kwa dirisha la jikoni akilifunga juu ya sleji, kigari cha kuteleza thelujini, ndogo ya kuvuta kwa mkono. Nilitoka mbio na viatu vya ndani.

"Baba, unaipeleka wapi?"

"Kwa mwenzangu."

"Imeoza hiyo. Imekaa majini miaka kumi na saba."

"Ndiyo maana naipeleka kwake, binti yangu. Ingekuwa nzima ningekwenda nayo kuwinda leo."

Alikuwa na miaka kumi na sita, karibu kumi na saba, na alikuwa ameshaamua. Mwezi wa Machi Sakiasi angekwenda mtoni kuwinda kulungu, mwendo wa siku mbili kutoka kijijini, naye alitaka kwenda naye kama zamani. Kama zamani, ndivyo alivyosema. Vuli hiyo barafu ya ghuba ilichelewa kuganda, na dubu weupe walizurura nchi kavu wakiwa na njaa. Niliwaza hilo siku nzima huku nikikata nyama. Nitasema ukweli: niliomba bunduki ile isipone. Ikibaki kutu, binti yangu angebaki nyumbani.

Jioni nilikwenda kwa Maata kurudisha bakuli ambalo halikuwa na haraka ya kurudishwa. Sakiasi na binti yangu walikuwa kibandani. Turubai lilikuwa limeshikamana na chuma, na Sakiasi alikuwa akilikata kwa kisu polepole, kama anayechuna mnyama. Mtutu ulikuwa mwekundu na wenye magamba. Komeo, kile chuma cha nyuma kinachovutwa ili risasi iingie, halikusogea hata unywele. Shingo ya kitako ilivunjika zamani, na baba alikuwa ameishonea ngozi mbichi ya sili, mnyama wa baharini, ili ikikauka ibane. Ngozi ile ilikuwa imeoza na kuwa kama majani ya chai.

"Mwenzangu," Sakiasi alimwuliza binti yangu, "hapa shingoni ulipavunjaje? Nimesahau."

Hakuwa amesahau. Alikuwepo. Alimwuliza kwa heshima, kama unavyomwuliza mwenye mali.

Binti yangu alifumba macho kidogo. Jiko lilikuwa likinguruma na kivuli cha bunduki kilicheza ukutani, kirefu kuliko sisi sote.

"Nilianguka nayo kutoka kwenye sleji," akasema. "Kwenye barafu. Mbwa walikata kona."

Sakiasi aliweka kisu chini. "Mbwa walikata kona," akasema polepole.

Mimi na Maata tukatazamana. Sikuwahi kumsimulia mtoto habari hiyo. Maata aliapa baadaye kuwa naye hakumsimulia, ingawa Maata husahau mengi anayoyasema.

Ndipo ukaanza msimu wa giza, na kazi ikaanza pamoja nao. Sakiasi alichukua kipande cha bomba la moshi, akaziba mwisho mmoja, akaisimamisha bunduki ndani yake na kumimina mafuta ya taa mpaka ikazama. Ilikaa humo zaidi ya wiki tatu. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliitoa, akaligonga komeo mara moja kwa nyundo ya mbao, akairudisha. Mara moja tu. Nilimwuliza kwa nini hagongi mara mbili.

"Anasikia," alinijibu. "Usimpigie kelele mtu aliyelala muda mrefu."

Nilikuja kila siku na kisingizio kipya. Mkate wa kukaanga, uzi, habari za mgonjwa. Nilikuwa nikija kutazama kama inapona. Siku ya ishirini na tatu komeo lilisogea. Halikutoa mlio wowote, lilirudi nyuma tu kama ulimi unaojitoa mdomoni, na ndani yake chuma kilikuwa cheupe, safi, kama juzi. Sakiasi aliliinua kwenye taa akanionyesha namba zilizochongwa juu yake, kisha namba za kwenye mwili wa bunduki. Zilikuwa sawasawa.

"Miaka yote hii hawajaachana," alisema. Akaanza kuimba puani.

Kutu ya nje aliikwangua kwa sarafu ya shaba aliyoibonda ikawa bapa, kwa sababu shaba haikwaruzi chuma cha chini. Wiki nyingine nne. Kisha akachukua sufuria kubwa ya Maata, ile ya supu ya kulungu, akachemsha vyuma vidogo ndani ya maji ya lori lake mwenyewe. Kutu nyekundu iliyobaki ikageuka nyeusi kama manyoya ya kunguru. Maata alirudi kutoka dukani akafunua kifuniko.

"Sakiasi! Hii supu gani?"

"Ya mwaka arobaini na tatu."

"Utainywa wewe na Waingereza wako! Na sufuria utanunua mpya, mwenye vidole tisa wewe!"

Lakini yeye Maata ndiye aliyeishona shingo. Mbao za huku huletwa na meli au na mawimbi, kwa hiyo Sakiasi alichonga kipande cha kitako kutoka ubao wa mwaloni wa mashua ya misheni, iliyovunjika kabla sijazaliwa. Alikiunga na kile cha zamani chenye mistari sita. Maata akaivalisha shingo ngozi mbichi ya sili na kuishona ikiwa bado inatiririka maji, akivuta uzi kwa meno. Siku tatu baadaye ngozi ilikuwa imekaza kama ngoma. Binti yangu aliipapasa kwa kidole. Nilimtazama akiipapasa. Baba alikuwa akipapasa hapo hapo akiwaza jambo.

Jambo moja liliniingia moyoni kama baridi ya chini ya mlango. Sakiasi hakumfundisha chochote. Vijana wengine wakija kibandani aliwapigia kelele, "Shika hivi! Si hivyo, hivi! Mkono wako au mguu?" Kwa binti yangu alinyamaza. Alimwuliza mambo ya zamani, binti yangu akajibu au akatikisa kichwa, naye akaridhika. Ungemfundishaje mwenzako mkubwa kushika bunduki yake mwenyewe? Na mtoto naye hakuuliza kitu. Angeulizaje? Kila mtu mle ndani alikuwa akimtazama kama anayejua.

Nilimdokeza Maata.

"Mbona hamwambii chochote? Huyu mtoto hajawahi kulala nje bila mimi."

"Wewe unamwita nani?" Maata akaniuliza.

"Baba."

"Basi. Ukimwambia baba yako jinsi ya kuwinda, ndipo nami nitamwambia Sakiasi amwambie."

Februari tulikwenda ufukweni kuijaribu. Sakiasi aliifunga juu ya sleji kwa kamba, akafunga uzi mrefu kwenye kifyatulio, sote tukajificha nyuma ya mapipa ya mafuta.

"Ikipasuka nipe talaka kwanza," Maata alinong'ona.

Haikupasuka. Sauti yake ilivuka ghuba, ikagonga visiwa, ikaturudia baada ya muda mrefu, ndogo na laini, kama inatoka miaka ya nyuma. Niliijua. Nilipokuwa mtoto sauti hiyo ilikuwa na maana ya nyama. Kisha binti yangu akaifungua, akaiweka begani, akapiga kopo kwa hatua mia moja. Sakiasi akavua kofia. Tangu dakika hiyo hakuigusa tena, maana Tulugaq hakupenda mtu ashike bunduki yake, na kijiji kizima kilikumbuka hivyo.

Mimi nikaanza kuosha soksi za safari za binti yangu. Nilizifua mara mbili.

Usiku wa kuamkia safari, nilipeleka chai chumbani kwake. Alikuwa ameketi kitandani, bunduki mapajani. Alikuwa akiilaza ndani ya nyumba wiki hizo zote, chini ya kitanda chake, kwenye joto. Mkononi alishika chupa ya mafuta ya bunduki aliyoinunua dukani, yenye picha ya askari. Alikuwa amelitoa komeo na kulipaka mafuta, akamimina ndani kwenye springi na sindano inayogonga risasi, mpaka yakachuruzika. Liling'aa kama samaki.

"Mwenzangu alisahau kulipaka," alisema. "Lilikuwa kavu kabisa."

Nilisimama pale na kikombe. Huko nje ilikuwa nyuzi thelathini na nne chini ya sifuri. Nilimwona baba yangu miaka mingi ya utoto wangu, kila vuli, akiliosha komeo kwa mafuta ya taa na kulifuta mpaka likauke kabisa, kwa sababu mafuta ya bunduki kwenye baridi yetu huwa mazito kama mafuta ya sili, na sindano hutambaa badala ya kuruka. Nilimwona akiiacha bunduki ukumbini nje majira yote ya baridi, kwa sababu chuma kikiingia kwenye joto hutoka jasho na jasho hilo huganda kikitoka nje. Nilijua yote mawili. Kinywa changu kilifunguka.

"Chai yako, baba," nikasema.

Nilijiambia anajua anachofanya. Nilijiambia binti hamsahihishi babaye. Na huenda pia nilifikiri, sehemu fulani ya chini moyoni, kwamba bunduki isiyolia itamrudisha nyumbani mapema. Sijui. Sikulala vizuri. Asubuhi waliondoka, pikipiki mbili za theluji na sleji mbili, katika mwanga wa waridi usio na kivuli, nikawatazama mpaka wakawa nukta, na nukta zikawa kitu ninachodhani bado nakiona.

Saa kumi na mbili jioni ni saa ya redio. Kila kambi inaita kwa zamu, na kila jikoni kuna redio ya mawasiliano juu ya friji, na pwani nzima inasikia. Jioni ya kwanza sauti ya binti yangu ilikuja katikati ya mivumo, kama mtu anayesema chini ya maji. Walikuwa nusu ya njia. Jioni ya pili walifika mtoni.

"Kuna kulungu wengi," alisema. "Na nyayo za dubu. Za jana. Zimezunguka mahali tulipopiga hema."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Nilikikunja mara nne, nikakikunjua.

Kesho yake mchana nilikwenda kwa Maata bila kisingizio. Nilimweleza habari za chupa yenye picha ya askari.

"Na wewe ulisimama ukamtazama?" akasema.

"Ni baba yangu."

"Ni baba yako wakati wa kugawa nyama. Wakati wa kuosha vyombo ni nani?"

"Ni mwanangu."

"Basi hili ni jambo la vyombo, dada!"

"Sakiasi yuko naye. Ana bunduki yake."

"Sakiasi akilala hata dubu akimvua soksi haamki. Mimi nimelala naye miaka thelathini, najua." Kisha hakutania tena. Alinishika mkono. "Mwambie jioni."

"Kwenye redio? Kila mtu atasikia nikimfundisha babangu."

"Wasikie."

Saa kumi na mbili niliketi jikoni, Maata kando yangu. Kambi ya kwanza ikaita, ikamaliza. Ya pili ikaita. Ilipofika zamu ya mtoni niliibonyeza swichi ya kusemea kabla binti yangu hajamaliza salamu.

"Baba," nikasema. "Hilo komeo. Lina mafuta. Halitapiga kwenye baridi hiyo. Lilipaswa kukaushwa, na bunduki ilipaswa kulala nje. Nilikuona ukilipaka na sikusema. Kosa ni langu."

Redio ilivuma tu. Katika ule mvumo nilisikia jikoni zote za pwani zikinyamaza, vijiko vikisimama vikombeni. Kisha mzee fulani wa kambi nyingine akadakia:

"Tulugaq! Uzee umekuingia lini hata ukasahau komeo?"

Mwingine akacheka. "Mwacheni, kafa na kurudi, hata wewe ungesahau!"

Sikucheka. Nilisubiri sauti moja tu.

"Binti yangu." Alikuwa akilia kidogo, au ni redio. "Leo nilimlenga kulungu, karibu kabisa. Nikafyatua. Sindano ikagonga polepole, kama mtu anayebisha hodi na hataki kufunguliwa. Haikulia. Nilimwambia mwenzangu nimemwacha kwa sababu ni jike, ana mimba."

Nikamsikia Sakiasi nyuma yake, ndani ya hema hilo hilo, goti kwa goti naye.

"Kumbe ulinidanganya?"

"Nilikudanganya."

"Kama zamani," Sakiasi akasema. "Kila ukikosa, umemhurumia."

Pwani nzima ikacheka, na ndani ya kicheko hicho binti yangu naye akacheka, nikamsikia. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kulisikia kwake tangu azaliwe.

"Nalikaushaje? Sijui. Sikuwahi kujua."

Nilifumba macho. Nikamwona baba ukumbini, mgongo wake, mvuke wa pumzi yake, mikono yake. Nikasema nilichokiona. "Chukua mafuta ya jiko, yatie kikombeni. Toka nje ya hema, mbali na moto. Toa komeo, lizamishe lote, litikise. Lirudishe mahali pake, fyatua bila risasi, litoe, lizamishe tena. Fanya hivyo mpaka mafuta ya jiko yatoke safi. Futa kwa kitambaa kilichochakaa. Usilipulizie, pumzi yako ina maji. Kisha iache bunduki nje juu ya mzigo wa sleji, ndani ya mfuko wake. Usiirudishe hemani hata ukiihurumia."

"Hata nikiihurumia," akarudia.

"Sakiasi," nikasema, "msaidie."



"Ni bunduki yake, mwanetu," Sakiasi akasema.

"Mwenyewe amesema hajui."

Zamu yao ikaisha. Maata alinimiminia chai nami sikuinywa, ikapoa mbele yangu, na nje mwanga ulikaa muda mrefu juu ya barafu kama uliosahau kwenda zake.

Kesho yake sikukumbuka nilichopika. Saa kumi na mbili kasorobo tulikuwa tumeshakaa. Kambi ya mtoni iliita mapema, haikusubiri zamu.

"Binti yangu," akasema. "Niko salama. Sote tuko salama."

"Nini kimetokea?"

"Dubu. Asubuhi, tukinywa chai. Alikuja upande wa nyama, hakuwa na haraka. Pikipiki zilikuwa nyuma yake. Bunduki ya mwenzangu ilikuwa bado imefungwa kwenye mzigo. Yangu ndiyo iliyokuwa karibu." Alivuta pumzi. "Mwenzangu akaniambia, lenga theluji mbele ya miguu yake. Nikalenga. Ikalia, binti yangu. Ikalia vizuri sana. Theluji ikamrukia usoni, akasimama, akatutazama. Alitutazama muda mrefu kama anayetafuta majina yetu. Kisha akageuka akaenda zake."

Maata alikuwa amenishika bega kwa nguvu mpaka likauma. Nilitaka kusema rudini sasa hivi, usiku huu, acheni nyama, acheni kila kitu. Niliibonyeza swichi.

"Mtarudi lini?" nikauliza.

"Kesho kutwa. Tumepata kulungu watatu. Sasa tunafunga mzigo, mwenzangu ananifundisha, na..."

Nyuma yake ikaja sauti ambayo sikuitambua mara moja. Ilikuwa kali, ya mtu aliyechoka na kazi.

"Si hivyo! Hivi! Kamba inapita chini kwanza! Unataka tumwage nyama njia nzima? Fungua, anza upya!"

"Amekuwa hivyo tangu asubuhi," binti yangu akasema karibu na redio, kwa kunong'ona. "Ananigombeza kwa kila kitu."

"Unasikia vibaya?"

"Hapana," akasema.

Nilimsikia akiiweka redio chini bila kuizima. Kamba zilikwaruza turubai. Alimwuliza kitu, Sakiasi akamjibu kwa kelele, akamwuliza tena, akajibiwa taratibu zaidi. Maata alisonya, akasema mumewe ataipoteza sauti na atarudi akitaka supu. Niliketi sakafuni, mgongo ukiwa kwenye friji, nikawasikiliza wakifunga na kufungua ile kamba mpaka kambi nyingine ikaingia katikati, ikiomba betri na sukari.